Uzi Mweusi wa Kaka

Wifi yangu ni fundi wa nguo, na macho yake yaligoma mapema. Cherehani aliimudu. Kilichomshinda ni kutunga uzi kwenye sindano za mkono, zile za vifungo na mapindo. Basi kila asubuhi kaka yangu, kabla hajaenda kujenga maghorofa ya watu, aliketi kitandani akamtungia sindano za kutwa nzima, akazichomeka kwenye kimto. Nilimtania, "Kaka, umeoa au umeajiriwa?" Naye akanijibu, "Wivu huo, dada. Tafuta wa kwako."

Siku kaka alipoanguka kutoka kwenye jengo akafa, wifi alikuwa amezitumia zote isipokuwa moja. Hiyo hakuigusa tena. Aliihifadhi kwenye kopo la peremende, pamoja na uzi wake mweusi ambao kaka aliulowesha kwa mate yake na kuufunga fundo. Binti yao alikuwa bado tumboni.

Miaka ikapita, akaja mwongozaji wa filamu. Kijana mstaarabu, siwezi kumsingizia. Alimsikiliza wifi hadi machozi yakamtoka, akasema kisa hiki lazima watu wakione. Akaiomba ile sindano aipige picha; angeirudisha siku ya onyesho. Mimi nilikataa katakata. Wifi akasema, "Mtoto hajawahi kumwona baba yake akifanya lolote. Acha walau amwone akinitungia uzi." Akampa sindano ndani ya kopo lake.

Siku ya onyesho tulikaa mbele, binti katikati yetu na gauni jipya. Jamani, mbwembwe! Kamera inazunguka hadi kichwa kinauma, watu wamepinduliwa miguu juu, chumba cha wifi kimegeuzwa buluu, muziki unagonga hadi maneno hayasikiki. Kaka wakamwonyesha mgongo tu, ndani ya moshi. Ilipofika ile asubuhi ya sindano, mikono yake hatukuiona kabisa. Kamera ilipaa, ikazama, ikapenya kwenye tundu la sindano na kutokea angani. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Wifi alinibana mkono. "Mbona uzi mwekundu?" aliniuliza.

Baadaye watu walimzunguka mwongozaji, wakimsifia ile sindano. Hakuna aliyeuliza habari za marehemu. Wifi alingoja zamu yake. Kijana akamrudishia kopo kwa mikono miwili.

"Ule mweusi haukuonekana vizuri kwenye kamera, mama. Tukaubadilisha."

"Wenyewe uko wapi?"

"Uzi? Tuliutupa, mama. Ulikuwa kipande tu."

Nilitaka kumrukia. Wifi alinizuia, akamshukuru, sijui kwa lipi.

Tulipofika nyumbani binti aliuliza, "Mama, kamera ilipitaje kwenye tundu dogo vile?" Wifi akajibu kwamba hajui. Kisha akamtazama tu, akingoja aulize na la baba yake. Nami nilikuwa nangoja. Binti akaenda kuvua gauni lake.

Wifi akauchomoa ule uzi mwekundu. Akachukua mwingine mweusi, akaulowesha kwa mate, akalenga tundu. Akakosa. Akalenga tena, akakosa. Nikanyoosha mkono nimtungie, akaisogeza sindano yake mbali nami.

"Lakini yule kijana alilia, wifi," alisema. "Si ulimwona? Nilipomsimulia, alilia kabisa."