Pua ya Bwana Isobe

Kijijini kwetu Kamizawa, katika bonde la Kawane, kila jambo lilikuwa na mtu wake. Habari za wafu tulimwachia kasisi wa hekalu. Habari za walio hai tulimwachia mama muuza tofu. Na habari za chai, ambazo kwetu ni kubwa kuliko hizo mbili zikiwekwa pamoja, tulimwachia Isobe Kiyoharu kwa sababu ya pua yake.

Mimi naitwa Sumi. Nilifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha ushirika wa wakulima wa chai, chumba cha kuonjea. Kazi yangu ilikuwa kupima gramu tatu za majani, kuyaweka kwenye bakuli jeupe, na kuyamiminia maji yanayochemka. Kisha nilisogea kando, naye Isobe akaja na kijiko chake cha wavu, akayainua majani yaliyolowa, akayapeleka puani, akafumba macho. Baada ya hapo alivuta funda moja kwa kelele, akalizungusha mdomoni na kulitema ndooni. Halafu akaanza kuhutubia.

Maana alikuwa na maneno, mzee yule! Ulimi hauna mfupa, na wa kwake haukuwa hata na kizuizi. "Sencha hii inaingia kwa adabu," alisema juu ya chai yetu ya kila siku, "inavua viatu mlangoni, inakaa, halafu inaondoka bila kuaga." Au, juu ya ile chai ya bei inayofunikwa na jua kabla ya kuchumwa: "Gyokuro hii imefunikwa kivuli wiki mbili, siyo tatu kama anavyodai mwenyewe. Nasikia harufu ya mwani, lakini mwani wa dukani, siyo wa baharini." Nasi tulitikisa vichwa kana kwamba tumeusikia mwani huo pia.

Lakini haki yake apewe. Aliweza kutofautisha majani yaliyopigwa mvuke kwa nusu dakika na yaliyopigwa kwa dakika nzima. Aliweza kukwambia kama shamba liko juu mlimani penye ukungu au chini karibu na reli. Siku moja alimwambia mkulima, "Mwambie mkeo akaange samaki mbali na ghala." Mkulima alikwenda nyumbani akagombana na mkewe, na kweli samaki walikuwepo.

Sasa basi, kila Mei tulikuwa na mashindano ya chai mpya. Wakulima kumi na tisa walileta sampuli, mimi nikazipa namba, ili waamuzi wasijue ipi ni ya nani. Kwa waamuzi wengine wawili namba zilifanya kazi yake. Kwa Isobe zilikuwa pambo tu. Aliinamia bakuli la saba akanong'ona, "Ehe, huyu mama mkwe wake bado hajapona? Amechelewa kuchuma." Alizijua chai zote kumi na tisa kama mtu anavyozijua sauti za majirani nyuma ya ukuta.

Na kila mwaka chai ya Kurebayashi Hikozo ilishika nafasi ya kumi na nne.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Siku ya mazishi ya baba yake Isobe, wageni walipewa chai kutoka shamba la marehemu. Hikozo alikunywa, akamgeukia jirani yake, akasema kwa sauti aliyoidhani ndogo, "Haya ni maji ya kuoshea vyombo." Isobe alikuwa amepiga magoti nyuma yake na birika mkononi. Hawakugombana. Kwetu watu hawagombani, wanakumbuka. Miaka ishirini na moja Isobe alikumbuka, na miaka ishirini na moja Hikozo akawa wa kumi na nne. Kumwangusha hadi mwisho kungeonekana ni chuki.

Februari ya mwaka 1985 Isobe akashikwa na mafua makali, akalala siku tisa. Alipoamka, homa ilikuwa imeondoka na kuichukua pua yake. Hakumwambia mtu. Mimi niligundua kwa bahati tu: nilimkuta amejificha nyuma ya kiwanda, amefungua dumu la mafuta ya taa, anatia pua ndani kama mtu anayechungulia kisimani. Aliponiona akasema, "Nilikuwa naangalia kama limejaa." Lilikuwa limejaa, hata kipofu angeliona.

Mkewe, Kinue, aligundua kabla yangu. Tulikutana sokoni akanivuta pembeni.

"Sumi, mzee wako huko kazini yukoje?"

"Yuko salama, mama. Kwa nini?"

"Juzi nilimpa supu ya miso iliyochacha. Kwa makosa, lakini. Nikamwuliza, 'Baba, supu vipi?' Akajibu, 'Nzuri.' Miaka ishirini na minane ya ndoa, neno 'nzuri' halijawahi kuingia nyumbani mwangu. Nikajua mtu anaumwa."

"Basi mwambie aende kwa daktari!"

"Ameshakwenda. Anadhani sijui. Daktari kasema inaweza kurudi, inaweza isirudi." Alipanga vitunguu vyake kwenye kikapu bila haraka. "Mwache kidogo, mwanangu. Na mimi nipumzike."

Ajabu ni kwamba heshima ya Isobe ilizidi kupanda. Kwa kuwa hakusikia harufu yoyote, hakuwa na la kuhutubia. Aliinua kijiko, akafumba macho kama zamani, kisha akasema "Hm," basi. Watu wakaanza kusema mzee amefika daraja jingine. Mkulima mmoja aliyepewa "Hm" mbili katika wiki moja alikwenda kumweleza kasisi, wakaizungumza jioni nzima. Kasisi alisema "Hm" ya pili ilikuwa na rehema ndani yake.

Mei ikafika. Asubuhi ya mashindano nilipanga mabakuli yangu kumi na tisa. Mwamuzi wa pili alikuwa Urushibata wa kijiji cha ng'ambo ya mto, ambaye kwa miaka mingi kazi yake hasa ilikuwa kuchungulia kalamu ya Isobe. Wa tatu alikuwa akimchungulia Urushibata.

Isobe alipita polepole. Kwa kuwa pua ilikuwa imemwacha, alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: aliyatazama majani. Alinyanyua sinia nyeusi zenye majani makavu, akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Alitazama rangi ya maji, akarudi, akatazama tena. Alivuta funda, akaacha ulimi utafute peke yake uchungu uko wapi na utamu uko wapi, kama mtu anayepapasa mswaki gizani. Alitumia saa tatu. Kawaida alitumia dakika arobaini.

Kwenye bakuli la kumi na moja alisimama muda mrefu. Majani yake yalikuwa membamba, yamesokotwa kama sindano za msonobari, yanang'aa. Maji yalikuwa na rangi ya dhahabu yenye ukijani, safi hadi ungeweza kusoma herufi chini ya bakuli.

"Mzee," Urushibata alishindwa kuvumilia, "namba kumi na moja unaionaje?"

"Hm," akasema Isobe.

"Kabisa!" akasema Urushibata. "Hata mimi niliwaza hivyo hivyo." Akaandika alama tisini na saba, kwa sababu Isobe ameandika tisini na saba.

Mchana mwenyekiti wa ushirika akasimama kusoma matokeo. "Wa kwanza, namba kumi na moja. Kurebayashi Hikozo."

Hikozo hakusimama. Alizoea kutosikiliza hadi ifike kumi na nne, na wakati huo alikuwa anamenya chungwa. Jirani yake ilibidi amtikise bega.

"Isomwe tena," alisema Hikozo. "Mmekosea ukurasa."

Ikasomwa tena. Mimi nilikuwa namtazama Isobe. Shingo yake ilikuwa nyekundu kama plamu ya kwenye chumvi, na macho yake yalikuwa kwenye ile sinia namba kumi na moja, kana kwamba imemtukana mbele za watu.

Kesho yake Hikozo alikwenda nyumbani kwa Isobe amevaa suti ya harusi na misiba. Nilikuwepo, nimepeleka karatasi za kutiwa muhuri. Hikozo alipiga magoti mkekani akainama hadi paji la uso likagusa chini.

"Isobe, nimekuja kuungama. Miaka ishirini na moja nimekutukana kimoyomoyo. Kila nilipopunguza matawi ya michai niliona shingo yako."

"Inuka, bwana, inuka," alisema Isobe.

"Siinuki! Nilikuwa nawaambia wanangu, mtu yule ana kinyongo, anatujua hata nyuma ya namba. Kumbe chai yangu ndiyo ilikuwa bado! Ilipofika, ukaipa haki yake. Mimi ni mtu mdogo, Isobe. Wewe ni mtu mkubwa."

Isobe alikuwa ameinama, anachomoa nyuzi za mkeka. Sijawahi kuona mtu anayepigwa vibaya hivyo na asiye na fimbo.

"Nimekuletea kopo la chai ile ile," Hikozo akaendelea. "Ionje mbele yangu nifurahi."

Kinue akaleta maji, akayaacha yapoe kidogo kama sencha inavyotaka, akamimina. Isobe akanywa. Sote tukamngoja.

"Hm," akasema.

Hikozo akatokwa na machozi.

Alipoondoka, Isobe alibaki ameshika kikombe. "Sumi," aliniambia, "wewe umekuwa ukimimina chai ile miaka yote. Ni ya mwaka huu tu ndiyo ilikuwa nzuri?"

Ningeweza kumdanganya. "Hapana, mzee," nikasema. "Majani yake yamekuwa hivyo tangu nianze kazi."

Akakiweka kikombe chini. Kutoka jikoni mkewe akasema, "Hata mimi ningekwambia. Hukuniuliza."

Oktoba pua ikarudi. Alikuwa anaoga, akapiga ukelele hata Kinue akakimbia akidhani ameanguka. Alimkuta amekumbatia ukingo wa pipa la kuogea, pua imegandamizwa kwenye mbao, anacheka. "Mti! Nasikia mti!" Asubuhi yake alionja supu, akaweka bakuli chini na kusema rojo ya miso imekaa karibu na vitunguu. Kinue alinisimulia kwa uso wa mtu aliyetoka likizo.

Mwezi wa Aprili uliofuata tulifanya jaribio dogo kabla ya mashindano. Niliweka mabakuli sita bila majina. Isobe aliinua kijiko cha bakuli la nne, na kabla hakijafika puani nilimwona anakunja uso, ule uso wa zamani. Mkono wake wenyewe ulianza kuandika. Aliandika sitini na nane. Akaitazama ile sitini na nane kwa muda, kisha akaweka kalamu mezani.

"Ni ya Hikozo," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Nampenda Hikozo siku hizi. Tunakula pamoja. Na bado umeona mkono huu?" Alifuta miwani yake. "Nenda kamwambie mwenyekiti pua yangu imechoka. Naacha."

"Lakini mzee, ndiyo kwanza imepona!"

"Ndiyo maana."

Basi siku ambayo pua ilikuwa nzima ndiyo siku kijiji kizima kiliyoililia. Alifanyiwa sherehe na mwenyekiti akasoma hati ya shukrani. Mama muuza tofu alisema alishaliona hilo zamani, ila hakutaka kusema. Urushibata akapandishwa kuwa mwamuzi mkuu, na katika mashindano yake ya kwanza alikaa mbele ya bakuli la kwanza hadi maji yakapoa, akigeuza shingo mara kwa mara kukitazama kiti kitupu.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Hikozo. Alikuja kila alasiri na dawa. Alileta tangawizi, akaleta maji ya figili, mwishowe akaleta bancha, ile chai ya majani makubwa ya mwisho wa msimu, imechanganywa na chumvi, ya kuoshea pua. Alisimama pale pale akimhimiza: "Vuta, rafiki yangu, vuta! Itoke upande wa pili!" Na Isobe, ambaye angeweza kunusa kwamba bancha ile imekaa kabatini mwaka mzima pamoja na sabuni, aliinama karaini akavuta.

Pua ilipokataa kupona, Hikozo akaamua kumfundisha rafiki yake kuishi bila pua. Alipanga vikombe barazani na kumweleza kila kimoja, taratibu, kama mtu anayemsomea kipofu gazeti. "Hii ni sencha yangu mimi mwenyewe. Inachangamka. Hii ni ya vijiti, nyepesi, ina utamu wa majani mabichi. Hii ya kahawia ni hojicha, imekaangwa, ni ya baada ya chakula. Nadhani unaiona rangi. Na hizi mbili ni gyokuro. Hiyo ya kushoto ni ya mji wa Uji, hii ya kulia ni ya mji wa Yame. Tofauti yake ni kubwa sana, ila ndiyo hivyo, kwako basi tena."

Alikuwa amezigeuza. Ya Uji ilikuwa kulia. Mimi sikujua, nilijua tu kwa kumwona Isobe: mgongo ulinyooka, kifua kikajaa, mdomo ukafunguka na nikaiona hotuba nzima imesimama nyuma ya meno, na mwani wake na adabu zake na viatu vyake mlangoni. Jikoni Kinue akakohoa.

Mdomo ukafungwa.

"Usihuzunike," Hikozo akamwambia, akimpigapiga goti. "Watu wengi wanakunywa chai bila kujua wanachokunywa, na wanaishi vizuri tu."

"Kweli kabisa," akasema Isobe, akasukuma mbele kikombe cha kulia. "Hebu niongeze hiyo ya Yame."