Mchuzi wa Mwisho wa Assunta

Mpwa wangu Filomena Iacovelli, ambaye mtaa mzima humwita Mena, ni mtu wa aibu tangu utoto. Ukimsifia viatu atakuambia ni vya bei ya chini. Ukimsifia nywele anajifunga kitambaa. Mimi ni mjomba wake, mdogo wa marehemu mama yake, na sijui aibu hiyo kaitoa wapi, maana upande wetu hatuna kitu kama hicho. Niliacha shule darasa la nane nikaenda kuuza nyama Mtaa wa Tisa, na wapo wanawake wa Filadelfia Kusini waliosema hakuna mtu aliyewahi kukata nyama nyembamba ya kuviringisha kama Pasquale. Wengi wao wameshakufa, lakini walisema.

Maisha yake Mena hayana maajabu. Akiwa msichana aliingia kiwanda cha makoti, akawa mtu wa mikono. Wengine walishona kola, wengine mifuko, yeye mikono tu, wa kulia na wa kushoto, mpaka kiwanda kikafungwa. Akaolewa, akafiwa na mume, akarudi kwa mama yake na binti mmoja, Marisa. Katika miaka yote hiyo hakupika. Dada yangu Assunta hakumruhusu. Kila akisogea kwenye sufuria aliambiwa, "Toa mikono yako hapo, inanuka mafuta ya cherehani." Basi Mena akawa mtu wa kuandaa meza na kuosha vyombo, na Jumapili alikula kama sisi wengine, kimya, akiuchovya mkate.

Na Assunta alijua kupika, usinibishie. Kwetu nyumba yenye heshima ina majiko mawili. La juu linang'aa, lina vitambaa vya kufuma na bakuli la matunda ya plastiki, na halijawahi kuona hata yai. La chini, chini ya nyumba, karibu na mashine ya kufulia, ndilo la kazi. Huko ndiko dada yangu alikopika mchuzi wake wa nyanya tangu alfajiri, na mbavu, na ngozi ya nguruwe iliyoviringishwa na kufungwa uzi, na kitunguu kizima alichokichoma karafuu moja katikati. Karafuu hiyo ilikuwa yake peke yake. Wanawake wengine walipoiga walizidisha, chakula kikanuka duka la dawa.

Assunta alipofariki aliacha makopo ya mchuzi kwenye friza. Makopo makubwa ya plastiki, yale ya jibini, kila moja na kipande cha plasta juu ya kifuniko na mwandiko wake uliolala upande kama mtu aliyechoka. Mena na mdogo wake Donato waliyala taratibu, moja Krismasi, moja Pasaka, mpaka likabaki moja. Hapo wakakubaliana kwamba hilo halitaguswa. Litaliwa siku ya kumbukumbu ya mama, baada ya misa, familia yote ikiwa mezani, kisha basi, tutakuwa tumemuaga. Donato ndiye aliyelisema, akitazama chini. Ana tanuri la mkate kule pembeni ya kanisa, mtu mnene, mcheshi, lakini kwa mama yake alikuwa bado mtoto.

Sasa Marisa. Msichana amesoma mambo ya hoteli, anaongea haraka, ananipenda lakini hanisikilizi. Ndiye aliyemwambia mama yake, "Nyumba ni kubwa, vyumba viko vitupu, na watu wanakuja mji huu kila siku kutazama kengele ya uhuru iliyopasuka na majumba ya zamani. Waje walale kwetu wiki nzima, wapike na sisi, wale na sisi. Likizo ya mapishi ya Kitaliano, ndani ya familia."

"Mapishi ya nani?" Mena aliuliza.

"Ya bibi."

"Bibi amekufa."

"Lakini wewe upo, mama."

Tangazo likaenda mtandaoni na picha ya Mena amesimama kando ya jiko la juu, mkono kiunoni, na maneno kwamba kila kitu anachopika alifundishwa na mama yake tangu akiwa mdogo. Nilipolisoma nilicheka mpaka nikakohoa.

"Mena," nikamwambia, "huyu mama kwenye picha ni nani? Nataka kumposa."

"Mjomba, niache," akasema. Uso ulikuwa umemwiva. Lakini hakumwambia Marisa ayafute yale maneno. Nafikiri, kwa mara ya kwanza, yalimpendeza.

Na nisiwe mwongo: alikuwa amejifunza. Tangu mama yake afariki alikuwa akipika peke yake kule chini, kwa kukumbuka, kwa kunusa, na mchuzi wake ulikuwa mzuri. Haukuwa wa Assunta. Ulikuwa mchuzi mzuri wa mwanamke mwingine.

Wageni wa kwanza walikuja mwanzoni mwa vuli. Daktari wa meno mstaafu kutoka Minesota, Bwana Halvorsen, mrefu kama ngazi, na mkewe, na walimu wawili marafiki ambao walicheka kila kitu nilichosema, kwa hiyo nawapenda. Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Walikanda unga, walikata tambi zikatoka kama kamba za viatu, nikawapeleka Mtaa wa Tisa nikawaonyesha banda langu la zamani, nikawasimulia mambo yangu ambayo mengine ni ya kweli.

Kisha ikafika siku ya mchuzi. Mena alitaka wapike chini. Marisa akakataa. "Mama, watu hawa wametoka mbali. Hatuwezi kuwashusha kando ya mashine ya kufulia."

Wakawasha jiko la juu. Asubuhi wageni walikata, walikaanga, walikoroga kwa zamu, wakapigana picha na kijiko. Kisha Marisa akawachukua kwenda kutazama majumba ya zamani, mchuzi ukabaki kuchemka taratibu, Mena akashuka chini kupanga vyombo. Tatizo ni kwamba hakulijua jiko lile. La chini ukilipunguza linapungua. Lile la maonyesho lilikuwa na moto mmoja tu, wa hasira. Aliposikia harufu na kupanda ngazi, chini ya sufuria kulikuwa kumeshakuwa kweusi. Na mchuzi wa nyanya ukishika chini huwezi kuusamehe. Ukihamisha, uchungu unahama nao.

Alikuwa peke yake. Hayo mengine nayajua kwa sababu alinieleza mwenyewe baadaye. Aliumwaga wote. Akafikiria kuanza upya, lakini wageni walikuwa wanarudi jioni. Akafikiria kuwaambia kwamba umeungua. Akamwona Marisa kichwani mwake, akaiona ile picha kwenye tangazo, mkono kiunoni. Akashuka hadi kwenye friza. Alilishika lile kopo, akalirudisha, akafunga friza, akaifungua tena. Akaliweka kwenye maji ya moto mpaka lile bonge likateleza likaangukia kwenye sufuria kama jiwe.

Nilifika jioni kula, maana kula ndiyo kazi yangu katika biashara ile. Meza ilikuwa nzuri. Kabla hatujapakua, Donato akaingia na mikate chini ya kwapa, unga mpaka kwenye nyusi.

"Karibu mwokaji wetu," mke wa daktari akasema. "Kaa ule nasi."

"Siwezi, mama, tanuri linaningoja. Lakini ngoja nichovye kidogo." Akavunja ncha ya mkate, kama alivyofanya tangu alipofika kimo cha jiko, akaelekea kwenye sufuria.

Mena akasimama mbele yake. "Leo hapana."

"Nini hapana?"

"Ni wa wageni, Donato. Nenda, tanuri lako litaungua."

"Sasa mimi nimekuwa nani, mtu wa kuleta gesi?" Akacheka, akawatazama wageni. "Mnaona? Dada yangu amekuwa bosi." Akaitia ile ncha mdomoni kavukavu, akatoka akitafuna. Mkono wake ulikuwa umeshafika karibu na sufuria kiasi kwamba mvuke uliugusa.

Tukapakua. Nikatia kijiko mdomoni.

Mimi najua kutofautisha ngozi ya nguruwe iliyochemka siku nzima, na iliyochemka siku nzima miaka mitatu iliyopita. Nilijua kabla sijameza. Dada yangu alikuwa mdomoni mwangu. Nikamtazama Mena, naye alikuwa anatazama chumvi.

"Nasikia karafuu," Bwana Halvorsen akasema, macho kayafumba. "Hiyo siwezi kuikosea. Ofisi yangu ilinuka karafuu miaka yote."

"Mbona asubuhi hatukutia karafuu?" mwalimu mmoja akauliza.

"Nilitia mlipokuwa mnatembea," Mena akasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Ndiyo siri ya mama yako?"

"Ndiyo."

Wakamsifu. Wakapiga makofi kabisa, wale watu. Mke wa daktari alifuta machozi, akamshika Mena mkono akasema mama yake huko aliko bila shaka anajivunia. Marisa aling'aa. Nikala sahani ya pili, kwa sababu kama ndiyo mwisho, ndiyo mwisho. Mena hakumaliza ya kwanza. Alikaa kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima mbele ya mwenyewe.

Walipokwenda kulala nilimkuta jikoni akisugua sufuria.

"Nimejua," nikasema.

"Nilijua umejua."

"Ungempa Donato tonge moja tu, Mena."

Akaendelea kusugua. "Ningempa angejua. Na angesema pale pale, mbele yao."

"Angesema, halafu angekula."

Akaigeuza sufuria, akaanza kusugua upande wa nje.

Siku ya kumbukumbu ilifika kabla baridi haijaanza vizuri. Kanisani Donato aliimba kuliko wanakwaya. Nje, kwenye ngazi, alinipiga begani. "Mjomba, tangu jana sijala. Nimemwachia mama nafasi."

Nyumbani Mena alikuwa ameandaa meza na amepika mchuzi wake mwenyewe kule chini. Donato akavua koti, akakunja mikono ya shati, na watoto wake nyuma yake, akaelekea mlango wa ngazi. "Kopo naenda kulitoa mimi. Nani anaijua friza hii kama mimi?"

"Donato," Mena akasema. "Halipo."

Akageuka, bado anatabasamu. "Umeshalitoa?"

Akamwambia. Alisimulia yote wima, mikono ndani ya aproni, jiko la juu, sufuria kuungua, wageni. Hakulia na hakujitetea. Marisa, ambaye hakuwa akijua lolote, alikaa chini taratibu kwenye kiti kisicho chake.

Donato akafikiri. Unaweza kumwona mtu mnene akifikiri, mabega yanashuka.

"Ile siku ya mkate," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimesimama pale, dada. Nina mkate mkononi."

"Ndiyo."

Akanigeukia. "Na wewe mjomba, ulikula?"

"Nilikula."

"Ulikuwaje?"

Maswali mengine hayana jibu lisiloumiza. "Ulikuwa wake," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea chenji. Kisha akamuuliza Mena, kwa upole, na upole huo ndio uliotumaliza, "Kopo liko wapi?"

Mena akalileta kutoka chini. Lilikuwa jeupe, linang'aa. Donato akalichungulia ndani, akalinusa, akageuza kifuniko akitafuta ule mwandiko. Plasta ilikuwa imebanduka kwa maji ya moto.

"Umeliosha," akasema.

Hapo ndipo Mena alipojifunika uso. Kwa lile la kuwapa wageni alikuwa ameshajiandaa, hotuba yake aliipanga wiki nzima. Hili la kuosha hakuwa amelifikiria. Mtu anaosha vyombo maisha yake yote, anaosha tu. Lakini sisi sote tuliokuwa pale tulijua kwamba kama lisingeoshwa, mkate ungeweza kufika kwenye kona za lile kopo na kukomba mabaki.

Donato akavaa koti, akawavalisha watoto, wakaondoka. Mikate aliiacha.

Likizo za mapishi zinaendelea, wageni wanakuja. Marisa amefuta yale maneno kwenye tangazo bila kuambiwa, na sasa wanapika chini, kando ya mashine ya kufulia, na wanapenda zaidi. Wakimuuliza Mena nani alimfundisha, anasema, "Hakuna. Mimi nilikuwa nashona mikono ya makoti." Wanadhani ni utani wa Kitaliano, wanacheka. Yeye hacheki. Karafuu haitii. Nilimwambia atie, akaniambia hiyo si yake.

Donato bado analeta mkate, maana biashara ni biashara na damu ni damu, lakini haingii. Anautundika mfuko kwenye kitasa na kuondoka. Mimi nikiwa ngazini namwambia, "Ingia ndani we mnene, mlango haukuumi." Anajibu, "Siku nyingine, mjomba." Na Mena, kila siku ya mchuzi, anaweka kibakuli cha kwanza nje kwenye ngazi ya marumaru, kimefunikwa na sahani, pembeni ya mlango. Kila mara anakirudisha ndani kimepoa, kimejaa. Asipowahi nakimaliza mimi, kwa hiyo naweza kukuambia kwamba mchuzi wake unazidi kuwa mzuri.

Wiki iliyopita Mena aliufungua mfuko wa mkate mbele yangu. Mkate mmoja haukuwa na ncha. Ilikuwa imevunjwa kwa mkono, vile vile kama zamani, makombo bado yamo ndani ya karatasi. Mena akatoka mbio mpaka ngazini, akainua sahani juu ya kibakuli.

Mchuzi haukuguswa. Donato alikuwa ameivunja ile ncha, amesimama hapo, halafu ameila kavu.

Mena akaketi kwenye ngazi na mkate mapajani, na wageni walipomwita kutoka chini kwamba maji yamechemka, ilibidi niende mimi.