Samaki Mwekundu wa Bwawani

Nafundisha uchoraji wa kiufundi hapa Likasi, na kwa miaka mingi nilijivunia kwamba mchoro wangu hauna upande. Ndiyo maana kamati iliniita. Wafugaji wa samaki walitaka kuchimba mabwawa kwenye kipande cha ufuko wa ziwa Tshangalele ambako wanawake hukausha samaki kwa moshi. Watu wangejadili katika ukumbi wa parokia, na kamati ilitaka karatasi moja ya kueleweka na kila mtu: ziwa linatulisha kiasi gani, mabwawa yaliyopo kiasi gani.

Mmoja wa wanawake wale alikuwa dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya. Kwa hiyo sikumwuliza neno. Nilidhani huo ndio uungwana.

Nilisimama sokoni majuma kadhaa na daftari, nikipima kila mzigo uliofika. Kisha nikachora samaki wawili, ukubwa wao ukifuata uzito wa mizigo: wa ziwani kwa bluu, wa bwawani kwa rangi nyekundu. Mwekundu alimzidi mwenzake kwa mbali. Mapezi peke yake yalinichukua jioni mbili. Ilikuwa kazi safi, nasema mwenyewe.

Ukumbini watu walinyanyua simu wakapiga picha. Dada yangu aliketi mbele, mikono mapajani. Kura iliahirishwa hadi juma lililofuata, naye akanifuata mlangoni.

"Mudogo, ulipima samaki wapi?"

"Ku soko, yaya."

"Ya kwetu inafikaka ku soko ya kukauka. Ile ya bwawa inafikaka mubichi, na mayi yake yote. Weye ulipima mayi."

Ni kweli, nilipima maji. Nimekulia katika moshi ule. Tangu utotoni nilijua kwamba beseni la samaki wabichi, ambalo watu wawili hulibeba kwa taabu, likitoka motoni mtu mmoja analichukua peke yake. Nilijua, na nilipokuwa na mizani mkononi sikukumbuka. Niliona haya, na bado naona haya.

Dada yangu alikuwa na daftari lake: uzito kabla ya moto, uzito baada ya moto, miaka na miaka, kwa sababu wanunuzi humsumbua wakidai samaki hajakauka vizuri. Nililichukua nikachora upya. Safari hii bluu ndiye aliyekuwa mkubwa. Nikasimama mbele ya ukumbi, nikaeleza kosa langu.

Mwanamume mmoja aliyekaa nyuma akainua simu yenye yule samaki mwekundu.

"Mwalimu, hii pia ni weye ulichora?"

"Ndiyo."

"Na hii ya leo, hesabu ulipata kwa nani?"

Nikasema: kwa dada yangu, anayekausha samaki kule. Watu wakacheka, wala si kwa ubaya. Ningemwuliza tangu mwanzo, kungekuwa na mchoro mmoja tu, na swali hilo lisingekuwepo. Kura ikapigwa, ufuko ukaenda kwa wafugaji.

Siku hizi dada yangu hununua samaki wa bwawani na kuwakausha nyuma ya nyumba yake mjini, akipata nafasi ya kuwasha moto bila majirani kulalamika. Picha ya samaki mwekundu bado inazunguka. Juzi ilimfikia kwenye simu yake, akaniita niione. Aliikuza kwa vidole viwili.

"Mapezi ulichora muzuri, mudogo."

Hakuwa akinidhihaki, na hilo ndilo lililoniuma.