Shina la Mbuni wa Mama

Baba yangu, mzee Placidius wa Nyakasimbi, alianza kujifunza kuchonga vijiko akiwa na miaka sabini na moja. Cha kwanza kilikuwa kinene kama mchi. Cha pili kilitoboka. Cha tatu alikitia nakshi za pembetatu kwenye mpini, zikaenda upande kama watu waliotoka kilabuni. Nilimcheka. Naye akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike mama.

Mama yangu, Benadeta, ndiye aliyepanda mibuni ya mbele ya nyumba yao, mwaka alioolewa. Mnyauko wa kahawa ulipoingia kijijini uliimaliza yote. Bwana shamba akasema ing'olewe, ichomwe papo hapo, na kisihamishwe hata kijiti. Tukang'oa, tukachoma. Kumbe baba alificha shina moja, la mbuni wa karibu na mlango wa jikoni, pale mama alipopenda kukaa akichambua maharage. Shina la mbuni ni jembamba, halitoi ubao wala nguzo. Kijiko linatoa.

Hayo ya shina niliyajua baadaye. Mimi nilichojua ni kwamba anakwenda Nyabiyonza kwa seremala Melkiory kufundishwa kisu, na nikadhani miti anapewa huko. Melkiory alimwambia afuate nyuzi za mti, achimbe bakuli kwanza, mpini aupunguze mwishoni. Baba ni mbishi, alianza na mpini. Vijiko vitano vilivunjika kabla hajakubali kwamba fundi anajua kazi yake.

Kwake kivuli kiliondoka na mibuni, kwa hiyo alikuja kuchongea kwangu. Kibanja changu kina migomba na mibuni thelathini na miwili, na mibuni hiyo ndiyo inayosomesha wanangu. Baba hajawahi kutupa kitu kinachooza. Kila alipoinuka alikusanya maranda yake kwa viganja, akayatandaza kwenye mashina, leo mbuni huu, kesho ule, ili yote ipate.

"Asante, baba," nilikuwa namwambia.

"Ardhi isikae uchi, mwanangu," anajibu.

Ukapita karibu mwaka. Asubuhi moja alifika, hakukaa. Alisimama mbele ya mbuni wa tatu kutoka njiani, ambao majani yake yalikuwa ya njano upande mmoja. Akakwangua gome kwa kisu chake cha kuchongea. Ndani kulikuwa na michirizi myeusi.

"Joviana," akasema, "vijiko vyote hivi, na maranda yake, ni mti wa mama yako."

Nilimpigia kelele baba yangu mzazi, majirani wakasikia. "Tata, uliambiwa! Uliambiwa kwa masikio yako!" Hakujitetea. Alisema tu kwamba alitaka abaki na kitu ambacho mama alikishika. Nikaingia ndani kuchukua jembe.

Tuling'oa mibuni kumi na mmoja yenye michirizi siku ile. Moto ulipokolea, baba akaleta kikapu chake cha vijiko na kuanza kutupa kimoja kimoja, vilivyopinda na vilivyotoboka, na kile cha pembetatu zilizolewa. Akabaki na cha mwisho. Mpini wake ulikuwa mwembamba, laini, na nakshi zilifuata msuko wa vikapu alivyokuwa akisuka mama, bila kukosea hata mstari. Alikuwa amenichongea mimi.

Akaninyooshea. Akasubiri. Nilijua neno analolisubiri, na moyo wangu ulilitaka kuliko yeye. Kisha nikatazama mibuni ishirini na mmoja iliyobaki.

Nilikipokea, nikakigeuza mara moja mkononi, nikakitupa motoni mwenyewe.

Baba angali anakuja kunisalimia. Namwambia karibu, ingia ndani. Anakaa kwenye jiwe la njiani, mikono mitupu juu ya magoti, na hakubali kukanyaga shambani kwangu.