Lenzi Ilipoingia Ukungu

Asubuhi ya harusi ya dada yangu Mwanahawa haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, na umeiamsha tena ulipoingia na hiyo kamera shingoni. Unasema wenzako wanakucheka: simu inapiga picha, ya nini kubeba jiwe? Waache wacheke. Sogea karibu nikuambie, maana tangu niione mikono yangu inawasha!

Nilikuwa binti wa hapa hapa Mbulu mjini, mtoto wa duka la vitambaa. Mjomba Salimu alikuwa na kamera ya filamu, na mchana duka likipoa alinifundisha. "Mwanga ni wageni," alisema, "na tundu la lenzi ni mlango. Ukiufungua wazi, wanaingia wengi kwa mara moja. Ukiuegesha, itabidi uwasubiri waingie mmoja mmoja." Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Ndani kuna giza, fungua mlango. Nje jua ni kali, uegeshe. Simu yako huyafanya hayo yote bila kukuuliza. Ni mpishi anayekuletea sahani iliyokwisha kupakuliwa. Kamera inakukabidhi jiko. Utaunguza, ndiyo, lakini utajua kupika.

Sasa, Mwanahawa alikuwa anaolewa na mganga wa hospitali aliyepangiwa kazi Kigoma. Kwa safari za siku hizo, Kigoma ilikuwa kama nchi nyingine. Aliomba zawadi moja tu: picha ya Bibi, aliyemzaa Mjomba na mama yetu, mwanamke aliyetulea. Na Bibi alikuwa hajapigwa picha hata mara moja, ingawa mwanawe ndiye mwenye kamera. "Sura yangu naijua," alikuwa akisema, na mazungumzo yanaishia hapo.

Asubuhi ile nilikuwa uani na kamera, nikipiga picha za wageni katika baridi yetu ya mwezi wa saba, ile inayofanya watu waongee huku moshi ukiwatoka mdomoni. Mara dada akanipigia kelele kutoka jikoni.

"Njoo upesi! Bibi amekubali, lakini anasema upige wewe. Mjomba atamcheka!"

Nilikimbia. Jikoni masufuria ya pilau yalikuwa yanafuka, joto limejaa. Nikamwamkia Bibi shikamoo, akaitikia bila kugeuza shingo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka kama mti, blanketi ameliweka pembeni ili nguo mpya ionekane. Nikainua kamera jichoni. Sikuona kitu. Weupe mtupu, kama Mbulu yote imeingia ukungu.

Nilidhani nimeiharibu. Nje gari la kumpeleka bibi harusi lilikuwa linapiga honi. Nikashika ncha ya kanga yangu nifute lenzi, na mkono wa Mjomba, aliyekuwa amenifuata kutoka uani, ukanidaka.

"Kanga hiyo ina mafuta ya pilau. Unataka kuikaanga lenzi?"

"Mjomba, gari linaondoka!"

"Honi haiondoi ukungu. Kioo kimetoka kwenye baridi kikakutana na mvuke. Kiache kipate joto chenyewe. Kaa chini."

"Nikae nifanye nini?"

"Umekuja kumpiga picha mama yangu na hujamwangalia. Mwangalie."

Nikakaa, moyo ukipiga kuliko honi. Mwenda pole hajikwai, wanasema, lakini jaribu kwenda pole wakati dereva anaita! Dada alikuwa amesimama mlangoni na shela lake, macho yamejaa machozi. Ndipo nikamwangalia Bibi kwa mara ya kwanza siku ile. Nikaona mwanga wa mlangoni unamwangukia shavu moja tu, na lile la pili limebaki kwenye kivuli cha jiko. Nilikuwa nimekula jikoni mle maisha yangu yote, sijawahi kuliona hilo.

"Mbona hupigi?" Bibi akauliza, midomo haisogei. "Viatu vinaonekana? Usinikate miguu. Watu wa Kigoma watasema Mwanahawa ana bibi kilema."

"Kamera imetoa machozi, Bibi. Tunaisubiri."

"Hee! Na yenyewe inalilia harusi?" Akamgeukia dada. "Mwanahawa, nyamaza basi, umeiambukiza hadi kamera!"

Na akacheka. Mgongo ukalegea, kichwa kikaegemea upande. Nikainua kamera: weupe ulikuwa umejikusanya pembeni, katikati pamesafika. Nikafungua tundu lote, kwa kuwa mle ndani hapakuwa na mwanga mwingine, nikazungusha lenzi hadi mikunjo ya macho yake ikakaa wazi, nikabana pumzi, nikabonyeza. Kle! Filamu ikaisha hapo hapo. Dada akamkumbatia Bibi, akakimbilia gari.

Filamu ilisafishwa Arusha, na siku picha iliporudi tulikusanyika dukani. Miguu haikuwamo. Nilijiandaa kugombezwa. Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama hadi Mjomba akaingiwa na wasiwasi.

"Mama, vipi?"

"Salimu," akasema polepole, "huyu ni mama yangu. Hivi ndivyo alivyokuwa akicheka. Nilikuwa nimeusahau uso wake."

Nakala moja ilikwenda Kigoma. Nyingine Bibi alilala nayo chini ya mto.

Basi shika haya, mwanangu. Kamera ikitoka kwenye baridi, iache ndani ya mfuko wake ipate joto kwanza, na usiifute kwa nguo yako. Kile kidude cha juu kizungushe, ukitoe mahali ambapo mashine inakuamulia, ufungue na kufunga mwenyewe. Picha zako za mwanzo zitakuwa nyeusi, nyingine zitaungua kwa weupe. Kupotea njia ndiko kujua njia. Na usimwinulie mtu kamera kabla hujakaa naye ukamwona.

Mungu akutunzie macho, akutulize mkono, akupe subira ya kungoja na wepesi wa kubonyeza. Watu wakikuona unakuja na jiwe lako shingoni, wafurahi. Haya, inuka, mwanangu. Anza na mimi, na miguu ukate tu.