Siku Mume Wangu Alipokataa Kuchapa

Binti yetu alikuwa na miaka kumi alipounguza mikorosho mitatu ya baba yake mkubwa. Alikuwa akichoma korosho kwenye kipande cha bati, mafuta yake yakashika moto, moto ukarukia majani makavu. Majirani wa kijijini kwetu Kikole walikuja na ndoo na matawi mabichi, wakauzima.

Fimbo niliikata mimi, nakiri. Sijui ilikuwa kwa hasira au kwa kufikiri kwamba mtoto mwenyewe angeungua.

Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, akafika anahema. Mume wangu akamwamkia, "Shikamoo kaka." Marahaba ilitoka kwa shida.

"Mchape mbele yangu," shemeji akasema. "Mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Mikorosho nitairudisha, kaka. Mtoto sitamchapa."

"Sisi marehemu baba alituchapa, na tumekuwa watu."

Mume wangu akajibu, "Mimi nilijifunza kumwogopa tu. Mpaka tunamzika, sikuwahi kukaa naye nikamweleza jambo langu."

Miaka yote ya ndoa yetu, sikuwa nimelisikia hilo. Shemeji akaondoka bila kuaga. Kisimani wanawake wakasema mume wangu anaendeshwa na mtoto.

Asubuhi yake mume wangu alimpeleka binti kwa shemeji kuomba radhi. Kisha wakaanza kung'oa visiki na kuchimba mashimo, na mvua ziliponyesha wakapanda miche. Kiangazi kilichofuata binti aliinyweshea mwenyewe, baba yake akibeba ndoo ya pili. Alilia kwa uchovu zaidi ya mara moja. Baba yake alimsubiri anyamaze, wakaendelea.

Mche mmoja ulikauka. Binti akaenda peke yake kumwambia baba yake mkubwa, ambaye hata hakuwa ameuona. Shemeji mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Nikamuuliza, mbona hukunificha? Akasema, 'Nikufiche kwa nini, baba mkubwa? Nimekuja kuomba mche mwingine.' Nikampa."

Bado anaamini mdogo wake anadekeza. Na mimi mkono wangu ni mwepesi, umenitoka mara mbili tangu hapo, nikamchapa. Mara ya pili mume wangu hakunigombeza. Alimshika mtoto mkono, wakaenda kukaa barazani. Niliona haya, nikawafuata, nikakaa nao.