Rangi ya Maji ya Kunde

"Huyu hata picha isiyo na chenga hawezi kuipata." Ndivyo alivyokuwa akinisema Mzee Sudi mbele ya watoto wote wa mtaa wetu wa Takaungu, na watu wazima wakacheka. Leo nina diploma ya elektroniki. Nimefanya kazi Ghuba, kwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta wenye skrini nyingi kuliko nyumba za mtaa ule, kisha nimerudi Kilifi na kufungua ukumbi wangu mwenyewe. Sikubebwa na mjomba wala na mwanasiasa. Nayasema wazi kwa sababu waliocheka wengi wako hai na kusoma wanajua.

Enzi zetu televisheni ya mtaa ilikuwa moja, ya Mzee Sudi huyo huyo, nyeusi na nyeupe, ikila betri ya gari. Huingii mpaka uoshe miguu kwenye pipa la mlangoni, na ukiacha unyayo sakafuni unatolewa. Ndani kulinukia viazi vya karai vya mkewe, vilivyokuwa vya wakubwa. Sisi tulivila kwa pua. Kazi yangu ilikuwa nje, kuzungusha mlingoti wa antena. Ndani wakiita "bado, bado, hapo hapo!" mimi nilisogeza tena kidogo, nikiamini kuna picha nzuri zaidi mbele, na chenga zikarudi kama mvua. Mama akisikia zogo lile kutoka jikoni kwetu alikuwa akisema, "Mkono wa mtoto huyu una upupu."

Siku moja Mzee Sudi alirudi kutoka Malindi na karatasi ya plastiki ya kubandika mbele ya kioo: juu buluu, katikati nyekundu, chini kijani. Tangu siku hiyo ilikuwa televisheni ya rangi. Msomaji wa habari alikuwa na paji la buluu, pua nyekundu na koti la kijani, na akiinama kusoma, paji lote linakuwa jekundu. Tuliridhika kabisa. Vijana wa leo wanaokuja ukumbini kwangu wananilalamikia kwamba majani ya kwenye mchezo hayajakolea. Majani ya mchezo! Nje kuna minazi tele na hawaitazami.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Picha yake tuliyokuwa nayo ni ile ya kipande, kitambulisho chake, nayo imefifia, kwa hiyo kichwani mwangu baba ana rangi ya televisheni ya Mzee Sudi kabla ya plastiki: kijivu. Lakini kulikuwa na kanda ya video ya harusi ya ami yangu. Mama aliiweka sandukuni kati ya leso zake miaka yote hiyo, bila mashine ya kuichezea. Niliporudi kutoka Ghuba hakuniuliza nimeleta nini; alinipa kanda ile. Jicho lake moja lilikuwa limeshafunga ukungu na la pili limeanza.

"Nionyeshe babako mwanangu," alisema, "wakati bado naona."

Kanda niliihamisha mwenyewe kwenye kompyuta, kazi ndogo kwa mtu kama mimi. Kisha nikabeba skrini bora kuliko zote za ukumbi wangu, ile pana iliyojipinda ambayo vijana huigombania, nikaileta Takaungu na kuiweka sebuleni. Ilikuwa asubuhi. Mama akavuta kigoda karibu kabisa na kioo.

Baba anaonekana kwa muda mfupi tu. Anapita na sinia la biriani begani, anagundua anapigwa video, anacheka, anafuta jasho, basi. Nikaisimamisha hapo.

Mama alitazama sana. "Huyu nani?"

Nikamwambia ni baba.

"Si yeye. Babako alikuwa mwekundu."

Sasa mimi nimekaa ugenini, na kazini kwangu nyekundu ni nyekundu. Nikashika kile kitufe cha nyuma ya skrini, kidogo kama punje ya mbaazi, nikafungua orodha ya rangi na kuzidisha nyekundu. Baba akawa kamba aliyetoka kuchemshwa.

"Nimesema mwekundu, sikusema nyanya," alisema Mama.

Nikajaribu mpangilio wa michezo ya vita, ule unaotoa giza kwenye pembe ili adui asijifiche; baba akawa kama aliyepakwa majivu. Nikajaribu ule wa mbio za magari. Kanzu ikawa buluu. Nikapandisha mwangaza, nikaushusha, nikaongeza ukolezo, nikapoesha rangi, nikazipasha moto. Nilikaa, nikasimama, nikafunga pazia, nikalifungua. Kila nilipokaribia nilisogeza tena kidogo. Nilikuwa nje kwenye mlingoti upya, ila mara hii aliyengoja ndani ni mama yangu, na jicho lake halikuwa la kungoja sana.

Mwishowe aliinuka akaenda jikoni. Nikadhani amekata tamaa. Alirudi na bilauri ya kioo yenye maji aliyoyachota kwenye sufuria ya kunde zilizokuwa jikoni, akaisimamisha kando ya uso wa baba, mvuke ukitoka.

"Mwekundu hivi," alisema. "Umekaa Uarabuni mpaka umesahau rangi za watu huitwaje kwenu?"

Maji ya kunde! Chuoni hawakunifundisha hilo, lakini mkono uliosogeza ulikuwa wangu. Nikapunguza buluu, nikarudisha nyekundu, kijani nikaigusa tu, jicho langu likienda kwenye bilauri na kurudi. Shavu la baba likaanza kupata damu. Nikataka kusogeza tena kidogo.

Mama alinishika mkono. "Acha hapo. Ndiye."

Nikaacha.

Ijumaa iliyofuata nilikaribisha mtaa mzima, wote waliokuwa wakijaa kwa Mzee Sudi nilipokuwa mdogo. Nilitandika mikeka, nikaagiza viazi vya karai kwa watoto kwanza. Mzee Sudi alikuja na mkongojo wake, akasita mlangoni akitazama miguu yake. Nikamwambia aingie tu. Alimtazama baba kwenye skrini, akamtazama Mama, akasema taratibu, "Bakari huyo. Na chenga hamna."

Skrini ile imerudi ukumbini. Vijana wananiambia, "Bro, hii imepauka, inavuta manjano." Wana rangi mamilioni mifukoni na hawajui hata moja inayofaa kungojewa. Nawaambia wacheze hivyo hivyo. Kitufe cha nyuma nimekiziba kwa gundi.